SOMO LA 22: MSHIPA WA DAMU UNAVYOKAZA

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Unasikia kitu kinapiga. Ndio mshipa wa damu. Moyo unasukuma damu, na mshipa unaipeleka mwilini.

Je, mshipa ni kama mwanzi mtupu? Sivyo. Mshipa ni hai. Una ngozi tatu. Ngozi ya nje inaulinda. Ya katikati ni nyama, nayo inaweza kukaza na kulegea. Ya ndani ni nyembamba sana. Damu inaigusa mchana na usiku.

Mwaka 1988, Masashi Yanagisawa na wenzake, wataalamu wa Japani, walichunguza mshipa mkubwa wa nguruwe. Waliona kwamba ngozi ya ndani hutengeneza kitu chenye nguvu nyingi. Wakakiita endotelini. Endotelini ni peptidi, maana yake kipande kidogo cha namna ya protini. Ina viungo 21 vilivyofuatana kama shanga katika uzi.

Kazi yake ni nini? Ikigusa nyama ya mshipa, nyama hukaza, na njia ya damu huwa nyembamba. Ikigusa ngozi ya ndani, ngozi hiyo hutoa kitu kingine cha kulegeza nyama. Hivyo Mwumba wetu ameweka kukaza na kulegea pamoja, ili kila jambo liwe na kipimo.

Endotelini ikizidi, mishipa hukaza mno, na moyo huchoka kusukuma damu. Tena endotelini huamsha mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Kwa wagonjwa wengine ambao mishipa ya mapafu yao imekaza, waganga hutoa dawa ya bosentani. Dawa hiyo huizuia endotelini isifanye kazi yake.

Sasa sikieni vizuri. Kuna nyoka wadogo wanaokaa chini ya udongo. Wataalamu huwaita Atractaspis. Wengine wanaishi katika Kongo yetu. Hutoka usiku, hasa baada ya mvua. Katika sumu ya baadhi yao mna peptidi inayofanana sana na endotelini, nayo ina viungo 21 vilevile. Sumu hiyo inaweza kukaza mishipa ya moyo wenyewe, na mahali palipoumwa pana maumivu makali.

Nyoka huyu huchoma kwa jino la upande, hata kinywa kikiwa karibu kimefungwa. Kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa atakuchoma. Usimshike kamwe, hata akionekana amekufa.

Mwenzako akiumwa na nyoka, usikate kidonda, usikinyonye, usifunge kamba. Mtulize, asitembee. Mwite mtu mzima, mmbebe upesi mpaka hospitali.

MASWALI
1. Mshipa wa damu una ngozi ngapi? Ipi inaweza kukaza?
2. Endotelini inatoka wapi?
3. Kwa nini sumu ya Atractaspis ni hatari kwa moyo?
4. Utafanya nini mwenzako akiumwa na nyoka?