Nguo za Hedhi za Kuogelea: Kuchagua na Kutunza katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, ziwa ni sehemu ya maisha ya kila siku. Humo watoto hujifunza kuogelea, wanawake huteka maji na kufua, na wakazi wa visiwa kama Bumbire na Ikuza hawafiki bara ila kwa chombo cha majini. Msichana anapokuwa hedhini, maji hayo hayo humwekea mpaka. Pedi ya kawaida ikizama hunyonya maji ya ziwa, huvimba na kulegea, na haibaki na nafasi ya kupokea damu. Nguo ya hedhi ya kuogelea imebuniwa ili kuondoa tatizo hilo. Somo hili linaeleza namna ya kuichagua na kuitunza, pamoja na hatari moja ambayo nguo hiyo haiwezi kuizuia: kichocho.

Inavyofanya kazi

Vazi hili hufanana na nguo ya kawaida ya kuogelea, ila sehemu ya katikati ina tabaka tatu. La ndani hupitisha damu, la kati huinyonya, na la nje, lililopakwa utando mwembamba wa plastiki, huizuia isipenye. Kingo zake hubana mapaja ili maji mengi yasiingie.

Katika hedhi moja, mwanamke hupoteza kwa wastani mililita 30 hadi 40 za damu, sehemu kubwa ikiwa katika siku za mwanzo. Kwa kuwa tabaka la kunyonya ni jembamba, vazi hili hufaa zaidi siku za damu chache. Siku za damu nyingi livaliwe kwa muda mfupi, au pamoja na kikombe cha hedhi kwa anayekitumia.

Wapo wanaoamini kwamba maji husimamisha hedhi. Sivyo. Mgandamizo wa maji hupunguza tu damu inayotoka nje. Mtu anapopanda ufukweni, damu huendelea kutiririka. Basi ni vyema kuwa na kanga na nguo kavu karibu, na kubadilisha mara baada ya kutoka majini.

Kuchagua

Vazi likae mwilini bila kuacha uwazi mapajani wala kukata ngozi. Likilegea huvuja, likibana mno huchubua. Tabaka linalogusa mwili liwe laini na lisilo na manukato, kwani manukato huweza kuwasha sehemu za siri. Rangi nyeusi huficha madoa, lakini huficha pia damu iliyobaki baada ya kufua; kwa hiyo usafi upimwe kwa maji ya kusuuzia.

Bei nayo ni jambo la kuzingatiwa. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, kisha ikairejesha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei hazikushuka kwa mnunuzi. Asiyemudu vazi hili hajakosa hedhi salama: pedi za kitambaa humtosha nchi kavu, na kanuni za utunzaji zilizo hapa chini huzihusu pia.

Kutunza

1. Suuza mapema kwa maji baridi hadi yatoke meupe. Maji ya moto hugandisha protini za damu na kulifanya doa lisitoke.
2. Fua kwa sabuni ya kawaida, kisha suuza hadi povu liishe. Dawa ya kung'arisha nguo huharibu utando wa nje, na dawa ya kulainisha nguo hupunguza uwezo wa kunyonya.
3. Kamua kwa kubonyeza, si kwa kusokota. Usipige pasi.
4. Anika juani au penye upepo hadi vazi likauke kabisa. Bukoba ina mvua nyingi, hasa wakati wa masika; hivyo kuwa na vazi la akiba ni bora kuliko kuvaa lenye unyevu.

Hatua ya nne ndiyo inayokiukwa zaidi, na mara nyingi chanzo chake ni aibu. Vazi linalofichwa chini ya godoro halikauki, na unyevu hukaribisha ukungu na muwasho wa ngozi. Anayeona haya aanike kwenye kamba na kulifunika kwa kanga nyembamba.

Kufua ziwani na kichocho

Mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Anayesimama ziwani akifua huambukizwa sawa na anayeogelea, na vazi hili huacha miguu wazi. Kwa hiyo kufua kufanyike nyumbani, katika beseni. Maji ya ziwa yakitekwa na kuachwa chomboni kwa siku mbili, mabuu hufa. Dawa ya prazikwanteli hutibu kichocho, lakini haizuii maambukizi mapya.

Wakati wa kufika kituoni

Mwanamke amwone mhudumu wa afya endapo hedhi inazidi siku saba, analazimika kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, anapata kizunguzungu, au anatokwa na uchafu wenye harufu mbaya. Damu kwenye mkojo au kinyesi isidhaniwe kuwa hedhi; huenda ikawa kichocho.

Kwa mhudumu wa afya

Swali la "Unatumia nini?" halitoshi. Mgonjwa aulizwe pia, faraghani na kwa heshima, anafulia wapi na anaanika wapi. Majibu ya maswali hayo mawili huweza kufichua chanzo cha muwasho usiopona, au cha kichocho kinachorudi kila baada ya tiba.