Udongo Mchachu na Mbegu Inayouvumilia

Mkulima, pengine ulipanda mahindi kwa wakati, ukapalilia mara mbili, ukatia mbolea ya dukani, na bado mimea imedumaa na majani yana rangi ya zambarau. Usiilaumu mvua upesi. Chimbua mche mmoja, uoshe mizizi yake. Ikiwa ni mifupi na minene, ina ncha za kahawia na vijizizi vichache, huenda udongo wako ni mchachu.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo katika udongo huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi kwenye ncha. Mzizi mfupi haufikii maji, na fosforasi uliyoinunua hufungwa na udongo. Hivyo ndivyo fedha za mbolea zinavyopotea. Sehemu nyingi za Uasin Gishu na Trans Nzoia zina udongo wa namna hii, na kutia DAP peke yake mwaka baada ya mwaka huzidisha uchachu.

Lakini mimea yote si sawa. Wewe wajua kwamba ng'ombe wa gredi hutoa maziwa mengi kwa sababu ya damu aliyorithi. Mbegu nayo ina urithi wake, uitwao jeni. Ngano yenye jeni inayofaa hutoa asidi ya malati kwenye ncha ya mzizi. Mahindi na mtama hutoa sitrati, ambayo ni ya jamii ya asidi ya ndimu. Usishangae kwamba asidi yasaidia: ni kidogo sana, na kazi yake ni kuishika alumini nje ya mzizi isiudhuru. Wataalamu walitangaza jeni hiyo ya ngano mwaka 2004, na ya mtama mwaka 2007. Mwaka 2013 ilielezwa kwamba baadhi ya mahindi yenye uvumilivu yana nakala 3 za jeni hiyo, ambapo mengine yana 1 tu.

Sasa fanya hivi:

1. Pima udongo. Chota sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye katika ndoo safi. Usichote penye boma la zamani wala kichuguu. Maabara ya KALRO, Kabete, hupima.

2. Tia chokaa ya shamba kwa kiasi utakachoambiwa, majuma kadhaa kabla ya kupanda, uichanganye na udongo. Usiitie katika shimo moja na mbolea. Samadi nayo husaidia.

3. Mwulize Bwana Shamba mbegu iliyojaribiwa katika udongo mchachu wa upande wenu. Usiweke mbegu kutoka mavuno ya mahindi ya haibridi, kwani urithi wake hutawanyika.

4. Usitie chokaa katika chai. Mmea huo hupenda udongo mchachu.

Kumbuka, mbegu yenye uvumilivu haiponyi udongo. Bila chokaa na samadi, uchachu utabaki, na mazao mengine, hasa maharagwe, yataendelea kuumia.