Tone la Worthington

Swali: Mwalimu wetu husema sayansi haina nafasi ya maoni ya mtu. Imekuwa hivyo tangu zamani?

Jibu: Hapana. Sharti hilo lilipata nguvu karne ya 19, kama walivyoonesha wanahistoria Lorraine Daston na Peter Galison katika kitabu chao cha 2007. Karne ya 18, mtaalamu wa mimea Linnaeus na wenzake walitaka mchoro wa ua la mfano, si hili lililotobolewa na mdudu. Kusahihisha maumbile ndiko kulikuwa utaalamu.

Kuona badiliko hilo, mtazame mwanafizikia Mwingereza Arthur Worthington. Kuanzia miaka ya 1870 alichunguza jinsi matone ya zebaki au maziwa yanavyotapanyika yakianguka. Aliyamulika gizani kwa cheche ya umeme, kisha akachora kile jicho lilichonasa. Michoro ilipendeza mno, kila upande sawa na mwenzake. Mwaka 1894 akafanikiwa kuyapiga picha: kumbe yamekwenda kombo! Kasoro hizo alikuwa ameziona miaka yote, akaziweka kando akidhani ni bahati mbaya tu.

Lakini kamera nayo haikumaliza ubishi. Karne ya 20 wasomaji wa picha za eksirei walianza tena kutetea jicho lililofunzwa, maana picha haijisomi yenyewe.