Dondoo muhimu: Kabla ya kuhamia Nyasubi na familia

Kata hii ya mjini Kahama huvutia wengi. Jipange kabla ya kufunga mizigo.

1. Usifuate sifa za dhahabu pekee: mgodi wa Buzwagi ulifungwa 2021, hivyo uwe na kipato kingine.
2. Kagua nyumba msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, uone maji yanapotuama.
3. Waulize majirani, si dalali, kama bomba hutoa maji kila siku.
4. Tembea njia ya shule na mtoto. Epuka inayovuka barabara ya malori.
5. Kamilisha uhamisho wa wanafunzi kabla muhula haujaanza.
6. Usilipe kodi ya miezi sita bila kumthibitisha mwenye nyumba kwa mwenyekiti wa mtaa.