SOMO LETU: KOMPYUTA YA TAWI IKIWA NZITO



Siku hizi daftari la wanachama, hesabu za ada na malalamiko ya kazini vimo ndani ya kompyuta ya ofisi ya tawi. Ikiwa nzito, mchuma chai aliyekwisha pima majani yake husimama mlangoni hadi giza linaingia, na risiti haijatoka. Tawi letu lilifikia hali hiyo. Fundi mmoja alitazama dakika tano akasema, "Nunueni mpya." Lakini fedha ya kununua mpya ni ada za wanachama. Basi kamati ikaamua kutafuta chanzo kwanza.

Inavyofanya kazi

Prosesa ndiyo mfanya hesabu. Kumbukumbu ni meza yake ya kazi. Diski ni ghala. Meza ikiwa ndogo na kazi ni nyingi, yeye hulazimika kurudisha vitu ghalani na kuvifuata tena kila mara. Mara nyingi basi kosa si la mfanya hesabu. Ni la meza au la ghala.

Kwenye Windows, bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litaonyesha kila sehemu inatumika kwa asilimia ngapi. Kumbukumbu ikipita 90, meza imejaa. Diski ikikaa kwenye 100 ilhali hakuna kazi kubwa, ghala ndilo linalochelewesha.

Hatua zisizo na gharama

1. Kabla ya lolote, weka nakala ya daftari na hesabu nje ya kompyuta. Hatua hii isirukwe.

2. Toa amri ya kuanza upya, si kuzima tu. Katika Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ndani ya diski ili kuwasha kuwe haraka, na hitilafu yaweza kubaki humo.

3. Zuia programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Ile ya kukinga virusi iache, lakini iwe moja. Mbili hugombana na kula nguvu.

4. Ondoa filamu, nyimbo na programu zisizo za kazi. Diski isijae pomoni.

5. Zima, chomoa umeme, kisha safisha matundu ya feni kwa brashi laini. Prosesa ikipata joto kali hupunguza mwendo wake yenyewe isiungue. Vumbi la kiwandani ni adui mkubwa.

Hatua za gharama ndogo

Diski ya zamani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo hutembea juu yake kutafuta kila kitu. Diski ya aina ya SSD haizunguki, na hutoa kitu haraka zaidi mara nyingi. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wetu. Tulibadilisha diski peke yake, na risiti sasa hutoka mwanachama akiwa bado anahesabu chenji.

Kama tatizo ni meza, ongeza kumbukumbu, tuseme kutoka GB 4 hadi 8. Hakikisha kwanza aina inayokubalika na mashine yenu. Windows ya biti 32 haitasaidika, kwa kuwa haitumii zaidi ya GB 4.

Tahadhari mbili

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyokubali Windows 11 yaweza kuwekewa Linux, ambayo matoleo yake mengi hayalipiwi.

Jambo kubwa zaidi: diski iliyotolewa ina majina ya wanachama wote na malalamiko yao. Kufuta faili hakutoshi, maana zaweza kufufuliwa. Usimwachie fundi wala usiitupe jalalani. Ikiangukia mikononi mwa mwajiri, atajua nani alimshtaki nani. Ifungiwe kabatini, au itobolewe na kuvunjwa mbele ya kamati.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kompyuta yenu ina shida ya meza, ghala au joto?
2. Nakala ya daftari iko wapi leo, na nani anaitunza?
3. Diski ya zamani ilikwenda wapi?