Kukomaa Kiroho: Madeni Tuliyoyaacha Chinsapo

Masomo: Waebrania 5:11-14, 2 Wafalme 4:1-7, Zaburi 15



Wengi wetu tumeokoka siku nyingi. Wako waliobatizwa Uvira, katika maji ya Ziwa Tanganyika, kabla ya vita, na wako waliompokea Bwana hapa hapa Dzaleka. Tunamshukuru Mungu kwa miaka hiyo yote. Lakini miaka siyo kipimo cha ukomavu. Mkulima wa hapa Dowa akitaka kujua kama mahindi yamekomaa, haangalii urefu wa bua. Anamenya hindi moja na kubonyeza punje kwa ukucha. Likitoka maziwa, bado.

Mwandishi wa Waebrania naye anasema habari za maziwa. Aliwaandikia watu ambao kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa waalimu, kumbe walikuwa bado wachanga. Anasema watu wazima ni wale ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Zimezoezwa! Na mazoezi hayo hayafanyiki kwenye mkesha tu. Yanafanyika bombani, kwenye mizani ya duka, na siku afisa anapouliza nyumba yako ina watu wangapi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo tumezidi 50,000. Foleni ya maji peke yake inatosha kumpima mkristo kila asubuhi kabla hajafika kwenye maombi.

Leo lakini tunataka kugusa jambo moja ambalo tumelinyamazia kanisani, nalo ni madeni.

Mnakumbuka mwaka 2023. Mwezi wa Machi serikali ilitoa amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi Dzaleka. Mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakamata watu Lilongwe na kuwaleta kambini. Wako waliopoteza maduka, vitanda, vyombo, hata masomo ya watoto. Sisi tunaoandaa somo hili tulikuwa tumepanga Chinsapo, na tuliondoka tukiwa na deni la kodi ya nyumba, mwezi mmoja na nusu. Mwenye nyumba ni mama mzee wa Kimalawi ambaye watoto wetu walimwita agogo, na mara nyingi walikula nsima kwake. Tulipofika kambini tulijiambia kwamba deni hilo limekwisha. Tulisema, "Wametufukuza, basi tumelipana." Tulibadilisha na namba ya simu. Kisha tukaendelea kuongoza maombi kama kawaida.

Tuliposoma habari ya yule mjane wa 2 Wafalme 4, tulikwama. Mume wake amekufa, mwenye kumdai anataka kuwachukua wanawe wawili. Mungu anafanya muujiza, mafuta yanajaza vyombo vyote. Sisi tunapenda kuhubiri muujiza huo. Lakini sikilizeni agizo la Elisha baada ya muujiza: uza mafuta, lipa deni lako, kisha wewe na wanao mle kinachobaki. Deni limetangulia chakula! Na mwanamke huyu alikuwa mnyonge kuliko wengi wetu. Zaburi 15 nayo inamsifu mtu anayeshika ahadi yake hata ikimletea hasara.

Ndugu mmoja katika kikundi cha nyumbani alituuliza: "Na walioiba mali yangu siku ile, wao watalipa lini?" Swali hilo ni la haki, na hatulijibu kwa haraka. Mtu aliyenyang'anywa ana haki ya kulalamika, kwenda kwa wanasheria, kumlilia Mungu. Kukomaa siyo kunyamaza mbele ya dhuluma. Lakini hesabu hizo ni mbili, na tulikuwa tumezichanganya. Agogo hakuandika ile amri. Hakuvunja mlango wa mtu. Yeye alitupa nyumba kwa kutuamini, na kodi yetu ndiyo aliyonunulia ufa.

Basi tukatafuta namba yake kwa jirani wa zamani, tukampigia. Mnadhani alitubariki? Alitugombeza mpaka salio la simu likakatika. Baadaye tukatuma kwacha 5,000 kwa simu, na mwezi uliofuata tena 5,000. Hatujamaliza. Posho ikichelewa tunamwandikia mapema kwamba mwezi huu hatuna, na hilo ni gumu kuliko kulipa, maana kiburi kinakataa.

Hatusemi mtu akachukue katapila ili alipe deni. Huko ni kutoka shimo moja na kuingia lingine. Wala hatusemi watoto walale njaa. Mwenye kudai akiambiwa ukweli mara nyingi hukubali kidogo kidogo, na mwingine husamehe kabisa. Lakini kusamehe ni kazi yake. Sisi hatuwezi kujisamehe deni la mtu mwingine kisha tukaliita neema.

Katika vikundi vya nyumbani juma hili, baba na mama wakae pamoja na kutaja majina ya watu wanaowadai, Chinsapo na kwingineko, pamoja na madeni madogo ya hapa hapa sokoni. Watoto wakubwa wasikie pia. Wasiojua kuandika Chichewa waje baada ya ibada ya Jumapili. Mashemasi wawili watakaa chini ya mwembe na karatasi, wawasaidie kuandika ujumbe. Mje na namba ya simu, au jina la jirani anayeifahamu.