Xbox yangu na PS5 ya kaka hazikutani

Anti,

Nina miaka 23, naishi Isaka na mama. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha gemu tangu nikiwa darasa la tano, kwenye banda la gemu hapa mtaani, tukigombea pedi moja. Mwaka jana alipata kazi mgodini Geita akahama. Mishahara ya kwanza kwanza alinunulia PS5, akaniambia nami nitafute mashine tuendelee kucheza mpira kila Ijumaa usiku kama zamani. Mimi nauza chakula kwa madereva wa malori. Hela yangu ilitosha Xbox One ya mtumba, nikaichukua Kahama. Muuzaji aliniapia kwamba siku hizi mashine zote zinachezana.

Tukanunua FC 25 wote wawili, tukalipia na uanachama wa mtandaoni. Anti, haikukubali. Namtafuta haonekani, ananitafuta sionekani. Kaka akawaka, akasema alishaniambia ninunue PS4, sasa nimetupa hela. Nikamjibu vibaya, kwamba tangu apate kazi anadharau hela ya mama ntilie. Huu mwezi wa pili hapigi simu. Kuna mtu hapa anakopesha, ile mikopo ya kausha damu, yuko tayari kunipa hela ya PS5. Ukimya huu umenichosha. Nichukue?

Binti wa Isaka

Binti yangu,

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Usichukue. Anayefanya biashara ya kukopesha nchini anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mwombe huyo bwana akuonyeshe yake, uone atakavyokujibu. Mtaji wako ni masufuria, mkaa na mchele wa kesho. Siku malori yakipungua na marejesho yakifika, atakayebebewa vyombo ni wewe, na hiyo PS5 utaiuza kwa bei ya kutupa. Na hata angekukopesha bila riba ningekukataza, kwa sababu PS5 huihitaji.

Mashine yako haina ubaya wowote. Muuzaji wa Kahama alikupa nusu ya habari tu. FC 25 inakutanisha kweli mashine za makampuni yanayoshindana, ila inazikutanisha kwa rika. PS5 hukutana na Xbox Series X na S pamoja na kompyuta. PS4 hukutana na Xbox One. Rika moja haliioni lingine kabisa. Sasa sikiliza hapa: PS4 yenyewe haikutani na PS5 kwenye gemu hilo. Ungemtii kaka ukanunua PS4, naye akaendelea kucheza toleo lake la PS5, mngetafutana vilevile bila kuonana. Hukutupa hela. Wala yeye hakukushauri kwa ubaya. Hakujua, kama wengi wasivyojua, kwa kuwa kwenye boksi la gemu wanaandika mambo makubwa makubwa na hili la rika unalikuta chini, kwa maandishi ya kusoma kwa tochi.

Dawa iko upande wake. PS5 inacheza gemu za PS4. Akisogea kwa pedi yake hadi kwenye picha ya FC 25, abonyeze kitufe cha Options, aangalie kama kuna toleo la PS4. Likiwepo alipakue, acheze hilo siku ya Ijumaa badala ya lile la PS5. Hapo atakuwa ameshuka rika lako na mtaonana. Kama alilinunua kwenye duka la mtandaoni la PlayStation, aangalie ukurasa wa gemu hilo. Ukiwa umeandikwa PS4 na PS5, yote mawili ni yake na haongezi hata shilingi. Kama alinunua CD ya PS5, hiyo haitampa toleo la PS4. Ikiwa ni hivyo msikimbilie kununua kitu, nina njia nyingine hapo mbele.

Toleo likishapatikana, kila mmoja afungue mipangilio ndani ya gemu ahakikishe krosplei, yaani kuchezana na mashine nyingine, imewashwa. Kisha mtafutane kupitia EA Social, wewe kwa kubonyeza RT na yeye R2, mkitumia majina ya akaunti zenu za EA. Na kwa kuwa Xbox yako ni ya mtumba, angalia umeingia kwa akaunti yako wewe, yenye tarehe yako halisi ya kuzaliwa. Akaunti iliyofunguliwa kwa umri wa mtoto inaweza kuzuiwa kucheza na watu walio nje ya Xbox mpaka mzazi aruhusu, na mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akidhani ni mtandao.

Barua yako imeniuma kwa jambo moja. Ndugu wawili wamenyamaziana kwa sababu ya kizuizi kilichowekwa na watu wasiowajua, kwa faida isiyowahusu. Kukutanisha mashine shindani si ufundi mpya. Mwaka 2002 wachezaji wa PlayStation 2 na wa kompyuta walikuwa tayari wanacheza pamoja Final Fantasy XI. Julai 2015 Rocket League ilitoka ikiwa inaunganisha PS4 na kompyuta. Machi 2016 Microsoft ikatangaza kwamba Xbox iko tayari kuungana na wengine. Sony, mwenye PlayStation, aliyekuwa na wateja wengi kuliko wenzake, akakataa. Septemba 2017 watu wa Fortnite wa PS4 na wa Xbox walijikuta uwanja mmoja kwa muda mfupi. Watengenezaji, Epic Games, wakasema ni kosa la mpangilio, wakarekebisha. Kwa hiyo kazi ya mafundi ilikuwa imekwisha zamani, kilichobaki ni mtu kutoa ruhusa. Juni 2018 Fortnite ilipoingia kwenye Nintendo Switch, waliokuwa wametumia akaunti zao kwenye PS4 wakakuta haziingii huko. Wateja wakapiga kelele dunia nzima, na tarehe 26 Septemba 2018 Sony akakubali, tena kwa majaribio kwanza.

Sababu yenyewe tuliijua vizuri Mei 2021, Epic na Apple walipokuwa mahakamani Marekani na nyaraka za ndani zikawekwa hadharani. Sony alikuwa akiwataka watengeneza gemu wamlipe fidia pale ambapo watu wanacheza sana kwenye PlayStation lakini hela zao wanazitumia kwenye mashine nyingine. Ilikuwa hesabu ya hela tangu mwanzo.

Wewe unaishi Isaka, bandari kavu unaiona kila siku. Kontena limeshuka melini Dar es Salaam, limekuja juu ya behewa la TRC, hapo linahamia lori la Kigali au Bujumbura. Meli ni ya huyu, lori ni la yule, na kontena linakaa sawasawa kote kwa sababu wenye mali walikubaliana vipimo. Wenye gemu nao wangeweza kukubaliana hivyo miaka mingi iliyopita, na mpaka leo wamekubaliana nusunusu.

Huku kwetu nusu hiyo inatuumiza kuliko wengine. Ulaya ukiwagawa wachezaji mafungu mawili, kila fungu bado limejaa. Isaka na Geita ukigawa hivyo unabaki na pedi yako peke yako. Na kuna jingine: PlayStation Network haijafunguliwa rasmi Tanzania. Kusini mwa Sahara iko Afrika Kusini tu, ndiyo maana wachezaji wetu wengi wana akaunti zilizosajiliwa kwa nchi nyingine. Mei 2024 tuliona madhara yake. Helldivers 2 inachezwa kwa pamoja na watu wa PS5 na wa kompyuta; Sony akatangaza kwamba wa kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation, na gemu likaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Ndani ya siku chache Sony akarudi nyuma kwa hasira za wachezaji. Kwa hiyo ukisikia mtu anakushauri ununue gemu la kompyuta ili ucheze na kaka, soma kwanza kama linadai akaunti ya PlayStation. Na laptop ya kuandikia barua haitaiweza FC 25.

Njia niliyokuahidi ni Rocket League yenyewe, ule mpira wa magari. Tangu Septemba 2020 ni bure, haiangalii rika wala kampuni, na uanachama wa kulipia haudai, si kwako wala kwake. Kila mmoja afungue akaunti ya Epic, mwongezane urafiki humo, kisha mmoja aandae mechi binafsi. Sehemu ya kuchagua seva mjaribu Afrika Kusini, halafu Ulaya, halafu Mashariki ya Kati, mbaki na ile yenye namba ndogo ya ping kwenu wote; njia za kebo zetu hazifuati ramani, wakati mwingine Ulaya inakuwa karibu kuliko Johannesburg. Kinachokula bando ni kupakua. Kucheza kwenyewe hutumia kidogo, mara nyingi haifiki MB 200 kwa saa. Na ikitokea siku gemu linaganda kwako na Geita nako linaganda, msilaumiane. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao ulisumbua nchi nzima.

Vyumba vya maongezi vya PlayStation na vya Xbox havisikilizani. Pigianeni simu ya WhatsApp, uweke spika, simu uiegemeze pembeni ya televisheni. Mama naye atasikia.

Sasa kaka. Mtu aliyehamia mji mgeni, akachukua mishahara yake ya kwanza akanunua mashine ili acheze na mdogo wake, huyo hajakudharau. Alikasirika kwa sababu Ijumaa aliyoingoja haikutokea. Neno lako la hela ya mama ntilie lilimchoma mahali pabaya, na hilo ni lako kulitoa. Usianze kwa kumthibitishia kwamba hata PS4 isingefaa. Hilo atalielewa mwenyewe akishaona mnacheza. Mwandikie leo, kabla hujafungua hata mipangilio: "Kaka, samahani kwa yale maneno ya hela. Mama anakusalimia. Gemu letu nimepata dawa yake, ni kazi ya dakika chache upande wako. Ukiwa na nafasi nipigie nikuelekeze."

Asipojibu siku hiyo, mpe nafasi, kazi za mgodini zina zamu za usiku. Asipojibu wiki nzima, mpe mama simu ampigie yeye, kwa salamu tu, bila kutaja gemu.

Mkikwama kwenye EA Social, niandikie tena, unakili maneno yaliyotokea kwenye skrini kama yalivyo.

Anti